Kabla ya kumkabidhi fundi pikapu ya umma

Pikapu ya idara si chombo cha anasa. Ndiyo inayomfikisha mthibiti ubora wa shule katika kata ambazo basi haliendi, na ndiyo inayobeba chanjo, mbegu, madawati na mara nyingine mgonjwa. Dizeli inapokwisha kabla ya mwezi kwisha, pikapu husimama uani na kazi ya wananchi husimama pamoja nayo. Zaidi ya hayo, dizeli tunayoichoma huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Wazee wanaokumbuka jinsi magari binafsi yalivyozuiwa kutembea Jumapili mchana katika miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Haishangazi basi kwamba maafisa usafirishaji, na hata walimu wenye pikapu zao za kubebea mazao, wanavutiwa na fundi anayeahidi kupunguza matumizi ya mafuta kwa kubadili programu ya kompyuta ya injini, au kwa kuchomeka kisanduku kidogo chini ya boneti. Sisemi kwamba mafundi wote wa namna hiyo ni matapeli. Wapo wanaoijua kazi yao. Lakini uchaguzi wa fundi wa aina hii mara nyingi hufanywa kwa sifa za mdomo na kwa namba zinazoonekana kwenye dashibodi, na hapo ndipo mali ya umma inapopotea.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Zamani, katika injini za petroli zenye kabureta, kutyuni injini kulikuwa ni kurudisha kilicholegea: kusafisha plagi, kupima pengo la pointi, kurekebisha kabureta. Kazi hiyo iliokoa mafuta kweli, kwa sababu vitu hivyo huhama mahali pake kadiri gari linavyotembea. Fundi wa leo wa kompyuta anafanya jambo jingine kabisa. Harudishi kilicholegea, anabadili uamuzi wa kiwanda juu ya mafuta kiasi gani yaingie katika silinda, na wakati gani. Neno ni moja, kazi ni mbili, na wauzaji wanafaidika na mchanganyiko huo.

Pili, kuna pikapu ambazo hazina kompyuta ya kurekebisha. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, ambazo zimetumika sana katika barabara zetu za vijijini, hupata dizeli kutoka pampu inayoendeshwa kwa mitambo mitupu. Ndivyo ilivyo pia kwa Hilux za zamani zenye injini ya 5L. Anayekuja na kisanduku cha kuongeza akili ya injini hiyo amekuja na kisanduku kitupu. Injini ya namna hiyo ikitoa moshi mweusi na kunywa mafuta kupita kiasi, anayetakiwa ni fundi wa pampu mwenye meza ya kupimia, atakayeangalia nozeli moja baada ya nyingine kama zinanyunyiza au zinadondosha.

Tatizo lenyewe liko kwenye pikapu mpya zaidi, zile za dizeli zenye turbo na nozeli za umeme. Katika injini hizo mafuta husukumwa kwanza ndani ya bomba moja lenye shinikizo kubwa sana. Kipimo kilichofungwa kwenye bomba hilo huipasha kompyuta habari za shinikizo, nayo huamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Visanduku vingi vya bei nafuu huchomekwa katikati ya kipimo na kompyuta, na kazi yake ni kupeleka habari za uongo: huiambia kompyuta kwamba shinikizo ni dogo kuliko lilivyo. Kompyuta inaongeza shinikizo, mafuta mengi zaidi yanaingia katika silinda, na dereva anafurahi kwa sababu gari linavuta. Lakini ile hesabu ya kilomita kwa lita inayoonekana mbele ya dereva hufanywa na kompyuta hiyo hiyo iliyodanganywa. Haijui kwamba mafuta yameongezeka. Itaandika nafuu ambayo haipo, na afisa mwaminifu ataiandika nafuu hiyo katika taarifa yake bila kujua kwamba anaandika uongo.

Kwa hiyo kipimo cha kweli ni pampu ya kituo cha mafuta pamoja na mita ya kilomita. Tangi lijazwe hadi juu, kilomita ziandikwe, pikapu ifanye kazi yake ya kawaida, kisha ijazwe tena hadi pale pale kwenye pampu ile ile. Ifanyike hivyo kwa matangi matatu kabla ya fundi kugusa kitu, na matangi matatu baadaye, dereva akiwa mmoja, njia zikiwa zile zile, mzigo ukikaribiana. Matairi yasibadilishwe katikati, kwa sababu tairi kubwa zaidi huifanya mita ihesabu kilomita pungufu. Daftari la safari, ambalo katika ofisi nyingi hujazwa kwa ajili ya mkaguzi tu, lina nafasi ya kutosha kwa kazi hii.

Kisha ipigwe hesabu. Tuchukue pikapu inayokwenda kilomita 9 kwa lita na kutembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Inakunywa lita 167 hivi. Fundi akifanikiwa kuongeza kilomita kwa asilimia 10, jambo ambalo lingekuwa ushindi mkubwa, zinaokolewa lita 15 kwa mwezi. Kama malipo yake ni sawa na bei ya lita 600 za dizeli, miezi 40 itapita kabla ya fedha hiyo kurudi. Akifanikiwa kwa asilimia 3 tu, muda huo unafika miaka kumi. Mpimieni fundi bei yake kwa lita, wala si kwa shilingi. Hesabu itasema yenyewe.

Ni kweli kwamba programu ya kiwanda huacha akiba, na fundi stadi anaweza kuipata sehemu ya akiba hiyo. Injini ikivuta vizuri katika mizunguko midogo, dereva hubadili gia mapema na mafuta yanapungua. Lakini dereva huyo huyo akiitumia nguvu mpya kuyapita mabasi, faida imekwisha. Tena tujiulize akiba hiyo iliachwa kwa ajili gani. Iliachwa kwa ajili ya joto, vumbi, mafuta yasiyo safi na mzigo mzito kwenye mlima mrefu. Anayepandisha Kitonga au Sekenke akiwa na tani moja nyuma ndiye hasa aliyefikiriwa. Kuitumia akiba yote ili kuokoa lita chache, kisha turbo au pistoni ikaungua, si kubana matumizi.

Wapo pia wanaopendekeza kuziba vali inayorudisha moshi katika injini, au kung'oa kichujio cha moshi. Huko Marekani, ambako biashara hii ni kubwa, shirika la serikali la kulinda mazingira lilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kusafisha moshi katika muda wa miaka kumi hivi. Gharama ya moshi huo haimo katika daftari la safari. Shule zetu nyingi ziko kando ya barabara, na wanafunzi wanatembea kwa miguu.

Nafuu iliyo karibu zaidi haina mvuto wa kutangazwa. Ni chujio la hewa lisilozibwa na vumbi, nozeli zinazonyunyiza sawasawa, breki zisizokamata, upepo wa kutosha kwenye matairi, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa pale haraka isipokuwapo. Mambo haya yakiwa hayajafanywa, hakuna programu itakayoyafidia, na fundi anayeanza na kompyuta kabla ya kuyaangalia amekwisha kujieleza.

Pikapu za Serikali zina utaratibu wake wa matengenezo kupitia TEMESA, na utaratibu huo usirukwe kwa sababu ya ahadi za mtu aliyepita ofisini na kompyuta ya mkononi. Kwa mwenye pikapu yake, masharti ni machache. Fundi asome kwanza hitilafu zilizomo, ahifadhi nakala ya programu ya kiwanda na kumkabidhi mwenye gari, aandike kwa mkono wake amebadili nini, na akubali kupokea sehemu kubwa ya malipo baada ya matangi matatu kupimwa kituoni. Akikataa sharti hilo la mwisho, aachwe aende, na fedha iliyotengwa inunue chujio na matairi.