Viwavijeshi: Dawa ya kuchelewa ni fedha iliyotupwa

Kwa familia nyingi za mlimani Kilimanjaro, kihamba cha migomba na kahawa ndicho nyumbani, lakini gunia la mahindi hutoka shamba la tambarare. Huko huko ndiko hukatwa majani yanayopandishwa kulisha ng'ombe wa zizini. Adui wa vyote viwili ni mmoja: kiwavijeshi, mtoto wa nondo, kipepeo mdogo wa kijivu anayeruka usiku.

Makazi ya nondo huyu ni nyasi. Wakati wa kiangazi viwavi wake huishi wachache wachache penye majani mabichi, wakiwa na rangi ya kijani, na ni vigumu kuwaona. Mvua zikianza, upepo huwabeba nondo mbali na kuwakusanya pamoja. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 1,000. Viwavi wakisongamana hugeuka weusi na kutembea kwa makundi, wakimaliza mahindi, mpunga, mtama, ulezi na malisho. Kwa kawaida maharage, kahawa na migomba hawavigusi.

Hapo ndipo hesabu ya fedha inapoanza. Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Kiwavi hula kwa wiki mbili hadi tatu, kisha huingia ardhini. Akiwa mdogo hula kidogo na dawa humuua kwa urahisi. Hasara kubwa hutokea siku zake za mwisho. Anayekimbilia duka la pembejeo baada ya kuona shamba limekuwa jeusi hununua dawa ya wadudu wanaokaribia kuondoka wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Kilosa, mkoani Morogoro, walifundishwa kutumia mtego wenye harufu ya nondo jike inayovuta madume. Walihesabu walionaswa, wakapima mvua, wakatangaziana tahadhari. Mtego mmoja wa kijiji ni nafuu kuliko kila kaya kununua dawa kwa hofu.

Tusimchanganye mdudu huyu na kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa nchini mwaka 2017. Huyo hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na kumdhibiti kunahitaji kukagua shamba msimu mzima. Muuza pembejeo amuulize mteja kwanza ameona nini.

Wenye mashamba ya tambarare wasisubiri habari ziwafuate mlimani. Mvua za kwanza zikinyesha, wateremke wakakague, wakianzia kwenye nyasi changa za kando ya shamba, na wakiona viwavi wadogo wamwite bwana shamba siku hiyo hiyo.