Nimekushika

Tangu nistaafu ualimu, asubuhi zangu hapa Handeni hazina kengele. Nafagia uwanja, namwagilia mchicha kwa maji ya kupima, kisha naketi chini ya mwembe na kitabu. Mwezi uliopita kitabu kilinishinda. Mjukuu wangu wa miaka 8 aliletewa baiskeli kuukuu, na katika nyumba yetu asiye na kazi ni mimi. Basi mwalimu mstaafu nikarudi kazini: mkono mmoja nyuma ya kiti, mwingine umeshika kanga isifunguke, mbio katika vumbi jekundu, na mtoto akipiga kelele, “Bibi, usiniachie!” Nami namjibu, “Nimekushika, nimekushika!”

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Nililisikia kwanza Korogwe, nikiwa na umri wa mjukuu huyu, marehemu baba akikimbia nyuma yangu. Mtaani kwetu hapakuwa na baiskeli za watoto. Tulijifunza kwa za wakubwa, Raleigh au Phoenix nyeusi, nzito kama mzigo wa mkonge. Mguu usioweza kuvuka bomba la juu ulipitishwa chini yake, katikati ya fremu. Mwili ukaning’inia upande mmoja kama ndoo, na pedeli zikazungushwa nusu nusu. Kwa kuwa nilikuwa msichana, majirani walikuwa na la kusema. Baba hakulisikia, au alijifanya halisikii.

Kila aliyejifunza anakumbuka kosa la kwanza. Baiskeli ikilalia kushoto, mtoto huvuta usukani kulia ili aikimbie ardhi, na ardhi humpokea. Dawa yake ni kinyume: geuza usukani upande ule ule unaoangukia, magurudumu yarudi chini yako, nawe utasimama. Unaweza kumweleza mtoto jambo hilo mchana kutwa na mwili wake usikuelewe. Sharti aonje kuanguka kidogo. Nadhani ndiyo maana wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, ingawa sikupata kusikia kwamba walimpa na kumwacha peke yake.

Tazama na neno lenyewe, usukani. Asili yake ni Kiarabu, na kwa mabaharia wa pwani ni chombo cha kuongozea jahazi. Mtoto wa Handeni ambaye hajapata kuiona bahari ameshika mkononi neno la nahodha. Baiskeli, breki na tairi tumeyatoa Kiingereza, na leo hakuna anayeyaona mageni. Tuliyafanya yetu kwa kuyatumia, tukianguka nayo na kuinuka nayo. Lugha hujifunzwa hivyo hivyo, na ushairi pia. Hapo ndipo ninapotaka kukiri kosa langu.

Katika miaka ya 1990, kijana mmoja wa kidato cha pili aliniletea shairi. Hakuwa ameagizwa, alilitunga kwa hiari yake. Mama yake alikuwa akiuza machungwa kituo cha mabasi. Nimelisahau shairi lote isipokuwa mshororo mmoja: “Mama arudi na chungwa, jua limeshauzwa.” Msomaji, najua umekwisha kuhesabu. Ukwapi una mizani 8, utao una 7. Nami nilihesabu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: “Mizani 15! Rudia.” Sikuandika neno jingine.

Hakurudia. Hakuniletea tena shairi hata siku alipomaliza kidato cha nne.

Jioni za juma lile lile nilikuwa nikimfundisha binti yangu baiskeli, huyu aliye mama wa mjukuu wangu. Kwake nilikuwa na subira ya ajabu. Alipokwenda upogo nilishika kiti. Alipoanguka nilimpangusa magoti, nikamwambia amejitahidi. Asubuhi nilipoingia darasani, mkono ule ule ulishika kalamu nyekundu. Imenichukua miaka mingi, na baiskeli nyingine, kuziona siku hizo mbili kwa pamoja.

Leo natambua kwamba neno moja lingetosha kumshika kijana yule: “lote.” Jua lote limeuzwa. Mizani 16 imetimia, na maana imezidi. Ningelimwita, nikamwambia kwanza kwamba mimi, mwalimu wake, sikupata kuwaza kuwa jua linaweza kuuzwa. Kisha ningelimwomba ausome mshororo kwa sauti hadi sikio lake lenyewe lihisi pengo. Angelilipata neno hilo, au bora kuliko hilo. Nilichokosa ni dakika kumi.

Sisemi arudhi itupwe. Kizazi chetu kililelewa na Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu alichokitoa Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, nami nakiheshimu hadi leo. Nakumbuka pia mabishano makali yaliyozuka katika miaka ya 1970, pale Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi walipochapisha mashairi yaliyoacha vina na mizani. Mabishano yale yalihusu baiskeli: iundweje, nini kikiondolewa haitaitwa baiskeli tena. Mimi nauliza habari za mkono ulio nyuma ya kiti. Mshika vina na mwacha vina wote wawili walianza kwa kuyumba, na kila mmoja alikuwa na mtu aliyekimbia nyuma yake.

Nasema haya kwa sababu naona kosa langu likirudiwa. Kijana huweka shairi lake la kwanza katika kundi la simu, na kabla dakika haijaisha ametokea mjuzi: “Mizani haijatimia.” Ni kweli, haijatimia. Lakini ukweli huo ukitangulia peke yake humwangusha mtu ambaye bado hajajua upande wa kugeuzia usukani. Ombi langu kwa malenga wenzangu ni dogo. Soma kwanza kwa ajili ya maana. Utaje mshororo mmoja uliokugusa, hata kama ndio huo huo pekee. Kisha hesabu, na umwonyeshe pengo lilipo.

Na wakati wa kuachia ukifika, achia. Jumamosi iliyopita, katika uwanja ulio mbali na lami na bodaboda, nilisema “Nimekushika” mkono ukiwa umekwisha kuondoka kitini. Ni uongo pekee ninaourithisha bila haya. Mtoto alikwenda, mgongo umenyooka, akiendelea kuzungumza nami kana kwamba nipo nyuma yake.

Alifika mwisho wa uwanja akaingia katika uzio wa michongoma wa jirani. Nilikuwa nimesahau kumfundisha breki. Alipotoka humo, amechanika shati na anacheka, aliuliza mwenyewe, “Bibi, hii inasimamishwaje?” Hapo nikaanza somo la sheria, na mwanafunzi wangu alisikiliza kila neno.