Mgeni kazini ni kuku mweupe

HUENDA ni wewe au ni mwanao aliyepata barua ya kazi katika kampuni kubwa jijini. Hongera! Lakini kabla ya kukimbilia suti ya mkopo, keti tuzungumze. Mengi yanayomngoja mfanyakazi mpya hayakuandikwa katika barua hiyo.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Penye mamia ya wafanyakazi utadhani hakuna anayekutazama. Kumbe bawabu anajua saa uliyoingia, na karani anakumbuka jinsi ulivyomwamkia. Usishangae siku ya kwanza ukikosa hata meza, ukapewa rundo la fomu za kujaza. Utaombwa kitambulisho, PIN ya KRA, nambari za NSSF na bima ya afya, pamoja na akaunti ya benki. Ziandae mapema, maana nambari moja ikikosekana mshahara waweza kuchelewa. Na usione haya kuuliza. Swali la mgeni husamehewa wiki ya kwanza; mwezi wa sita watu watashangaa ulikuwa wapi.

Soma mkataba wako kabla ya kutia sahihi. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi 6, na hakiwezi kuongezwa kwa miezi mingine 6 bila wewe kukubali. Katika kipindi hicho mkataba waweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7 tu, au malipo ya siku hizo. Basi huu si wakati wa kuhamia nyumba ya kodi kubwa! Likizo nayo si chini ya siku 21 za kazi, baada ya kila miezi 12 ya utumishi.

Sasa tuje kwa mshahara, ambako vijana wengi huvunjika moyo. Bandu bandu huisha gogo. Ukiandikiwa Sh40,000, bima ya afya (asilimia 2.75) itachukua Sh1,100, na ushuru wa nyumba (asilimia 1.5) utachukua Sh600. Hapo hujagusa NSSF wala kodi ya mapato. Kisha watakuja wenzako wakusajili katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Chama ni kizuri, lakini mkopo usiukimbilie. Sheria hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili za mshahara, ila kuishi Nairobi kwa theluthi moja ni kazi nyingine.

Nanyi wazazi, tafadhali. Aliyeanza kazi katikati ya mwezi huenda akakuta orodha ya mishahara imekwisha kufungwa, naye angoje hadi mwisho wa mwezi ujao. Nauli na chakula cha siku hizo vitatoka wapi? Msaidieni, badala ya kumtumia orodha ya karo za wadogo zake.

Nawe kijana, usiwafiche wazee. Barua ya kazi hutaja mshahara mzima, na hiyo ndiyo hesabu iliyo vichwani mwao. Ukipata hati yako ya kwanza ya malipo, waonyeshe kinachobaki mkononi, kisha mkubaliane utasaidia kwa kiasi gani. Ukinyamaza, watadhani umelewa jiji.