UMBALI NI ULE ULE, KHERI SI ILE ILE



Kila aliyepata kupanda ndege kutoka Unguja kwenda Pemba anaijua safari hiyo. Ni kilomita kiasi cha 125, na ndege ndogo humfikisha mtu kwa muda wa nusu saa. Hatusemi kuwa nauli yake ni ya kila mnyonge. Tunasema njia ipo.

Sasa na tuitazame ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Nje ya mji wa Mbeya kuna kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012. Upande wa Malawi, ufukweni mwa ziwa, kuna kiwanja cha Karonga. Baina yao, kwa njia ya angani, ni kilomita kiasi cha 130. Umbali ni ule ule wetu! Lakini ndege ya abiria ya kuviunganisha hapana. Atakaye kuruka huelekezwa Dar es Salaam, kisha Lilongwe, kisha apande gari kurudi kaskazini: zaidi ya kilomita 2,000 kumfikia jirani.

Katikati ndipo ilipo Kyela. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni jamaa kwa nasaba na kwa lugha. Kilichowatenga ni mpaka wa mto Songwe, uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890. Na waraka ule ule ndio uliovitia visiwa vyetu chini ya hifadhi ya Uingereza. Basi asituambie mtu kuwa khabari za Kyela hazituhusu. Kalamu iliyotukata sisi ndiyo iliyowakata wao.

Mkoloni alikwenda zake, Tanganyika mwaka 1961, Malawi mwaka 1964. Je, waliorithi viti vyake walifanya nini? Mwaka 1967 walizozana juu ya maji ya ziwa. Mwaka 2012, mwaka ule ule wa kufunguliwa Songwe, wakazozana tena. Kwa ugomvi nafasi ilipatikana. Kwa safari ya nusu saa haikupatikana.

Watasema abiria hawatoshi. Lahaula! Wapitao watahesabiwa vipi penye mlango uliofungwa? Na waende Kasumulu, mpakani, wawatazame wavukao na mizigo yao kutwa. Watasema barabara ipo. Ipo, nayo ni zaidi ya kilomita 180, kwa milima ya Tukuyu na kungojea mpakani. Na maradhi hayangoji mtu.

Tunachotaka si makuu: ndege moja ndogo, mara mbili kwa wiki, na maafisa wa uhamiaji na forodha katika viwanja vyote viwili. Serikali ipimayo umbali kwa kuanzia kitini pake haimwoni aliye pembezoni. Sisi watu wa visiwa twalijua hilo kuliko wengi. Anayenyamaza leo kwa ajili ya Kyela, asitaraji kusikilizwa kesho kwa ajili ya Micheweni.