Mashini Inakataa Karatasi: Tusikimbilie Kulaumu Mutu



Kila wakati wa egzamen tunasikia neno moja tu mu biro: "Mashini imekufa tena! Nani aliigusa?" Na mara moja macho yote yanamugeukia mwanafunzi aliyetumwa kutosha fotokopi. Sisi tunasema hapana. Tuangalie kwanza karatasi, kisha mashini. Mutu awe wa mwisho.

Karatasi kukwama si jambo la Kambove tu. Mwaka wa 1959, huko Marekani, kulitoka Xerox 914, mashini yenye uzito wa karibu kilo 300. Karatasi ilikwama ndani yake na iliweza hata kuwaka, mpaka iliuzwa pamoja na kizima-moto kidogo.

Hapa kwetu adui ni wawili. Wakati wa mvua, pakiti iliyofunguliwa na kulazwa juu ya simenti inakunywa unyevu. Karatasi zinashikamana, mbili tatu zinaingia pamoja, na moto wa ndani unazikunja. Wakati wa kiangazi, vumbi inapaka ile rulo ya mpira yenye kuvuta karatasi. Mpira unateleza, hauvuti kitu.

Dawa si kupiga ngumi. Zima mashini, fungua milango yake, vuta karatasi polepole kwa mikono miwili, kufuata njia inayopitia. Kama imepasuka, unganisha vipande: kikikosa kimoja, kiko ndani bado, na kitakwamisha ingine. Panguza rulo na kitambaa chenye maji kidogo, uache ikauke. Pepea karatasi mbele ya kuzitia, zisipite alama ya sanduku, na vile vizuizi vya pembeni viziguse bila kuzibana. Mpira ukiwa mugumu na kung'aa, hapo njo tutafute mpira mupya.

Kumwita fundi toka Likasi ni feza ya wazazi wetu. Kitambaa na maji ni bure.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu: pakiti ibaki imefungwa na ikae juu ya etajeri; rulo ipanguzwe kila juma; na mwanafunzi yeyote asipewe azabu mbele ya mashini kufunguliwa na karatasi kuangaliwa. Kumuazibu asiye na kosa hakutengenezi mashini.

Mwenye mawazo mengine aandike. Tutayatia mu toleo linalokuja.