Kitufe Kimoja Sio Ruhusa

Wenye biashara wa Kisii na Nyamira, leo ni zamu yenu. Hoteli, kliniki, shule za kibinafsi, wauza mashamba, nyote. Kaeni chini tuongee.

Tovuti zenu nyingi zina kile kisanduku kinachoruka chini ya skrini kusema mnatumia kuki kuboresha huduma. Halafu kuna kitufe kimoja tu: "Nakubali". Cha kukataa hakipo. Hiyo ni ruhusa gani? Ni kama konda wa matatu ya Keroka afunge mlango, gari ing'oke, ndio akuulize kama ulikuwa unasafiri.

Na hata hicho kitufe mara nyingi ni mapambo. Jaribu mwenyewe kwa kompyuta ya saiba. Fungua tovuti kwa Chrome, dirisha la siri, na usibonyeze chochote. Piga F12, ingia Application, kisha Cookies. Ukiona _ga, hiyo ni ya Google Analytics, na kwa Chrome inaweza kukaa hadi siku 400. Ukiona _fbp, hiyo ni ya Meta, wenye Facebook, siku 90. Nimejaribu kwa tovuti kadhaa za huku kwetu, nikazipata zote mbili kabla sijagusa kitu.

"Sasa kuki inaumiza nani?" Ile inayokumbuka umeingia kwa akaunti yako haina neno. Shida ni ile inayokupeleka kwa mtu wa tatu. Chukua binti wa Ekerenyo. Anaazima simu ya mamake, anafungua ukurasa wa kliniki kuhusu ujauzito. Pikseli ya Meta iliyowekwa hapo inapiga ripoti. Kesho mama anaingia Facebook, matangazo ya nepi yanaanza kumfuata. Huku kwetu simu moja inaweza kuwa ya nyumba nzima. Siri ya huyo binti imeshatoka, na hakuna aliyemuuliza.

Najua mtasema huyu kijana aliacha chuo, atatufundisha sheria? Sheria haiulizi digrii. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema wewe mwenye biashara ndiye wa kuthibitisha kwamba mtu alikubali, na mtu huyo anaweza kuondoa ruhusa yake wakati wowote. Ataiondoa wapi kama kitufe hakuna?

"Sisi ni wadogo." Hapana. Kanuni za 2021 zinasamehe biashara ndogo kujisajili tu, yaani chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na chini ya wafanyakazi 10. Hazijasamehe mtu kuheshimu sheria. Na hoteli, kliniki, shule na wauza mashamba lazima wajisajili hata wakiwa wawili.

Msifikirie ni vitisho. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait ilipiga Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na Casa Vera Lounge 1,850,000 kwa picha ya mteja. Zilikuwa picha, sio kuki, lakini kosa ni lile lile: hawakuomba. Na kwa kuki zenyewe, Januari 2022 Ufaransa ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Hao walikuwa na njia ya kukataa, ila imefichwa. Nyinyi hamna kabisa!

Mimi pia nakula kupitia matangazo, kwa hivyo sisemi muache kutangaza. Ninasema muombe. Weka vitufe viwili, saizi moja, rangi moja. Pikseli ilale mpaka mtu akubali. Kliniki, ng'oeni pikseli kabisa kwa kurasa za magonjwa na uzazi. Na sera ya faragha iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa Daraja Mbili ataelewa, sio ile ya kunakili inayotaja sheria za California wakati duka liko Suneka.

Mteja akiingia dukani hamumpekui mfuko mlangoni. Basi msimpekue kwa simu.