Mihuri Mitatu kwa Kifusi Kimoja

Mwaka uliopita, baada ya bonasi ya majani chai kulipwa, niliivunja nyumba ya udongo aliyoijenga marehemu baba yangu, nikasimamisha mahali pake nyumba ya mawe. Na kwa kuwa ndiyo ada ya vilima hivi vya Mogogosiek, huku Konoin, ambako kila ifikapo msimu wa bonasi sauti ya nyundo husikika toka mteremko mmoja hata mwingine, hakuna jirani aliyestaajabu. Udongo wa kuta niliurudisha shambani, na mabati yenye kutu yalichukuliwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu kabla jua halijachwa, kwa bei ya dharau lakini taslimu. Kilichosalia ndicho kilichonitia katika safari ninayotaka kuisimulia: vipande vya saruji na vigae, vioo, mikebe ya rangi, tangi la plastiki lililopasuka, magodoro mawili yaliyooza, na magunia kadhaa ya nepi za wajukuu, ambazo hazichomeki kwa uvundo wake wala hazizikiki kwa sababu mbwa huzifukua.

Nikaazimia kutenda lililo haki. Nilimpata mtu wa mji wa jirani, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, akodishaye makontena ya taka, yale masanduku makubwa ya chuma yaletwayo matupu, yakaachwa siku mbili tatu, kisha lori likarudi kuyabeba yakiwa yamejaa. Boma langu liko mteremkoni, na mvua ikinyesha hata ng'ombe huteleza, kwa hiyo sanduku lisingeweza kufika mlangoni. Ilibidi liwekwe kando ya barabara. Hapo ndipo karani wa afisi moja, ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa taksiri si yake peke yake, aliponiambia kwa adabu kamili, "Mzee, kitu hicho hakiwekwi barabarani bila kibali." Nikamwuliza kibali chatolewa wapi. Akaniambia si pale.

Barabara, nilifahamishwa, ina wenyewe. Taka nazo zina wenyewe. Na biashara ya kukodisha kontena ina wenyewe wengine kabisa, na kila mwenye chake ana muhuri wake, meza yake, na siku yake ya kutokuwapo. Wa kwanza alinipigia muhuri baada ya safari mbili za matatu. Wa pili alikuwa amekwenda semina. Wa tatu, alipoona kuwa lori lina leseni ya biashara ya kaunti nyingine, alinieleza kwamba huku halitambuliki, na kwamba ama mwenyewe akate leseni ya pili ya mwaka mzima kwa kazi ya siku tatu, ama nitafute mwenye kontena wa papa hapa, ambaye, kama alivyokiri bwana huyo huyo akitabasamu, hayupo. Nilipoirudia meza ya kwanza niliambiwa kuwa idhini yangu, iliyoandikwa kuwa halali kwa siku kumi na nne, imekwisha muda.

Katika juma hilo hilo kijana mmoja mwenye pikipiki alinijia jioni, akatazama lile rundo kwa jicho la mjuzi, akasema, "Mzee, nipe mia tano kwa kila safari, nitazipoteza usiku." Hakuniomba hati yoyote. Neno lake, kuzipoteza, limenikaa moyoni tangu siku ile, maana taka hazipotei; zingeshuka bondeni hadi kwenye kijito, na vijito vya huku humwaga maji yake katika mito ya Itare na Kipsonoi, nayo hukutana katika Mto Sondu uingiao Ziwa Viktoria, hata nepi ya mjukuu wangu ikamfikia mvuvi asiyenijua wala kunikosea. Nilimkatalia. Lakini nakiri kwamba nilifikiri kwanza, na kwamba kilichonifanya nifikiri si umaskini wala ujinga, bali ile mihuri.

Simo miongoni mwa wale wauchukiao ukaratasi kwa jumla. Nchi iliyoacha taka zijiendee imekwisha kuuona mwisho wake: jaa la Dandora pale Nairobi lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na baada ya hapo malori yakaendelea kupanda juu yake. Kuna haja ya mtu kujua lori limebeba nini na linakwenda kukimwaga wapi, na kanuni za taka za mwaka 2006 zilitaka pawepo hati ya kuufuatilia mzigo toka unapotoka hadi unapotua, jambo ambalo ni la busara. Hoja yangu ni nyingine. Ni nani anayepaswa kuubeba ukaratasi huo, na je, mahali pa kutua papo?

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ukiifungua kifungu cha 87, inakataza mtu kusafirisha taka ila kwa leseni itolewayo na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, ile tuijuayo kwa jina la NEMA, na ila kuzipeleka katika jaa lililoidhinishwa kwa leseni. Tazama insafu ya maneno hayo: leseni iko shingoni mwa msafirishaji, wala si mwa ajuza aliyevunja jiko lake; na sharti la pili ni la mahali, kwa kuwa leseni ya kuchukua isiyo na mahali pa kupeleka ni kama ndoo isiyo na kisima. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikaongeza kwamba taka zitenganishwe mapema, zinazooza mbali na zisizooza, na ikazitaka kaunti zianzishe vituo vya kuzichambulia. Katiba yenyewe, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Kwa hiyo afisi inapomtuma mwenye nyumba kuzunguka na bahasha, inamtwisha raia kazi ambayo Katiba iliitwika afisi.

Na kuhusu lile lori lisilotambulika, natamani kifungu cha 209 cha Katiba hiyo kingebandikwa juu ya kila kizuizi cha ushuru, maana kinasema bayana kwamba uwezo wa kaunti kutoza usitumike kwa namna itakayodhuru shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti. Sisi wa Konoin tunaishi mpakani. Mgonjwa wetu huvuka, ng'ombe wetu huvuka, mahari yetu huvuka. Kontena tupu tu ndilo lililoonekana kuwa geni.

Mpwa wangu aishiye Leicester, huko Uingereza, nilipomsimulia kwa simu alicheka, kisha akasema nako kibali kipo. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1980 haimruhusu mtu kuweka kontena la taka juu ya barabara ya umma bila idhini ya mamlaka ya barabara, na likilala hapo sharti liwashiwe taa usiku. Illa likiwekwa ndani ya ua wa mwenye nyumba, idhini hiyo haihitajiki. Lakini yeye mwenyewe, alipokarabati jiko lake, hakuiona afisi wala karani: mwenye makontena ndiye aliyeomba kibali, akaijumlisha ada katika bei, na siku ya ahadi chombo kikawa mlangoni. Nilinyamaza kitambo. Sikumhusudu kwa barabara zao wala kwa mali yao, nilimhusudu kwa kutomjua karani.

Walakini hatuna haja ya kwenda Leicester kutafuta mfano, ilhali tunao wetu ambao kila siku tunaupita kwa miguu. Ilipoundwa mwaka 1964 mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ambayo leo ni KTDA, swali lilikuwa lile lile, ila kwa upande wa pili: mashamba maelfu, mengine hayafiki ekari moja, kila moja likitoa kikapu chake, na jani likirundikwa hushika joto likaharibika. Hakuna aliyemwambia mkulima akakodi lori lake mwenyewe, alitafutie leseni, kisha aombe kibali cha kusimama barabarani. Palijengwa vituo vya kununulia majani, kila kituo na mizani yake na karani wake; mkulima hubeba kikapu hadi hapo, hupimiwa, huandikiwa kilo zake, naye hurudi nyumbani, ilhali lori na leseni na dereva na ubovu wa barabara si shughuli yake tena. Kiwanda chetu cha Mogogosiek kimelishwa kwa njia hiyo, mvua na jua. Asije mtu akadhani nataka lori la chai lirudi na nepi zangu. Hasha, nani atakunywa chai hiyo? Nataka ule utaratibu tu. Watu walioweza kukusanya jani bichi kutoka kila kilima kabla halijaharibika hawawezi kuniambia kwamba gunia la vioo, ambalo haliharibiki hata likingoja mwaka, limewashinda.

Kontena moja, basi, liwekwe sokoni kwa siku maalumu za mwezi, mahali patakapochaguliwa na wazee wa kokwet, yaani baraza la kijiji, pamoja na kina mama wauzao mboga, kwa kuwa hao ndio watakaokaa na harufu yake; leseni iwe ya mwenye chombo, itambulike pande zote mbili za mpaka; mwenye nyumba alipe kwa gunia, apewe risiti, aende zake. Na jaa lililoidhinishwa lipatikane kwanza. Nalirudia neno hili la jaa kwa makusudi, maana katika meza zote tatu nilizozizungukia niliulizwa nakala ya kitambulisho, nikaulizwa namba ya shamba, nikaulizwa hata jina la fundi aliyeivunja nyumba, lakini hakuna aliyeniuliza taka hizo zitamwagwa wapi.

Rundo langu lingalipo nyuma ya zizi, chini ya turubai. Mvua za masika zilipopita, mbegu za boga zilizokuwamo zikaota, mmea wake ukatambaa juu ya saruji na magodoro, na sasa pameanza kuonekana maboga mawili ya kupendeza mno, ambayo mke wangu amekataa katakata kuyapika.